Mzio Ukivuka Ngozi

Ingia duka lolote la dawa pale Kondele au Kibuye, hapa Kisumu, useme mwili unakuwasha tangu ulipokula mchana, na kabla hujamaliza maelezo utakuwa umefungiwa tembe za Piriton kwenye bahasha ndogo ya kaki. Zitakusaidia. Mwasho utatulia, utasinzia, na kesho utaamkia shughuli zako. Ndivyo dawa hiyo ilivyojipatia sifa ya kutibu mzio wa kila namna, uwe wa samaki, wa nyuki, wa sindano au wa vumbi. Lakini mwasho, hata ule wa kumfanya mtu ajikune mpaka atoke damu, hauui. Kinachoua ni koromeo kuvimba, mapafu kubana na shinikizo la damu kuporomoka, na hayo matatu Piriton haiyawezi.

Anayetaka kuzisoma dalili za mzio, au aleji kama wengi wetu tunavyosema, aanze basi na swali moja: umefika wapi? Wingi wa vipele hudanganya. Mtu anaweza kujaa mabaka kuanzia shingoni hadi vifundoni na asiwe hatarini. Mwingine ana kope moja tu iliyovimba, lakini sauti imeanza kukwaruza na mate yanamshinda kumeza, na huyo ndiye wa kukimbizwa.

Mara ya kwanza huwa kimya

Mwili hauna mzio wa kitu ambacho haujawahi kukutana nacho, au kukutana na kinachofanana nacho. Mara ya kwanza protini fulani inapoingia, tuseme ya samaki, mfumo wa kinga wa watu wachache hukosea ukaihesabu kuwa hatari, kisha ukatengeneza kingamwili za aina iitwayo IgE. Kingamwili hizo hujibandika juu ya seli maalumu, seli za masti, ambazo zimetapakaa chini ya ngozi, kwenye utando wa pua na macho, kwenye kuta za njia ya hewa, utumboni na kandokando ya mishipa ya damu. Hapo hukaa bila kujionyesha, wiki au miaka. Siku protini ile ile ikirudi, huzinasa kingamwili hizo, na seli humwaga histamini na kemikali nyingine nyingi kwa dakika chache tu.

Yako mawili ya kushika hapa. La kwanza, ule utetezi wa "nimekula samaki tangu nikiwa mtoto, haiwezi kuwa ndiyo" hauna nguvu, kwa sababu mzio unaweza kuanza mtu akiwa na umri wa miaka 40, kwa chakula alichokizoea. La pili, dalili zinatawanyika mwilini kwa sababu seli zenyewe zimetawanyika. Histamini ikimwagika chini ya ngozi unapata mwasho na mabaka. Ikimwagika kwenye njia ya hewa, misuli ya mapafu hujikaza na utando huvimba. Utumboni ni kutapika na tumbo kusokota. Ikimwagika mwili mzima, mishipa ya damu hutanuka yote kwa pamoja na kuvuja maji, na presha hushuka kama ya maji ya bomba lililobadilishwa ghafla likawa pana mara tatu wakati tangi ni lile lile.

Wanasayansi walikutana na jambo hili kabla ya kulielewa. Mwaka 1901 Wafaransa Charles Richet na Paul Portier, wakiwa safarini kwenye meli ya Mwanamfalme Albert wa Kwanza wa Monaco, walianza kuchunguza sumu ya wanyama wa baharini. Waliporudi nchi kavu waliwadunga mbwa sumu ya aina hiyo wakitumaini kuwajengea kinga. Baada ya wiki kadhaa waliwarudishia dozi ndogo zaidi, na mbwa aliyestahimili ya kwanza akafa kabla ya nusu saa kuisha. Richet alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1913 kwa kazi hiyo. Ilichukua nusu karne zaidi, mpaka katikati ya miaka ya 1960, kwa Kimishige na Teruko Ishizaka huko Denver, na wenzao Johansson na Bennich huko Uppsala, kuigundua IgE yenyewe.

Kwa nini mwili ukahifadhi silaha hatari namna hiyo? Wataalamu wengi wanaamini kazi yake ya asili ni kupambana na minyoo na vimelea vingine vikubwa. Hilo lina maana ya pekee kwetu tunaoishi kando ya ziwa lenye kichocho, na nitalirudia nikifika kwenye vipimo vya damu.

Vidole kwanza, macho baadaye

Maelezo mengi ya mzio yaliandikwa na watu waliozoea kutazama ngozi nyeupe, kwa hiyo yanakuambia utafute wekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo mara nyingi hauonekani kabisa, na nimesikia watu wakiambiwa hawana kitu kwa sababu hiyo tu. Tumia vidole. Baka la mzio huinuka, huwa na joto, na ukipapasa unaihisi kingo yake. Liangalie kwa mwanga unaotoka pembeni, hata wa simu. Chunguza viganja, midomo na ndani ya kope la chini, sehemu ambazo rangi ya damu haijifichi.

Mabaka haya yana tabia moja inayoyatofautisha na upele mwingine: hayatulii mahali. Lile lililokuwa tumboni asubuhi linaweza kuwa limetoweka jioni huku jingine limezuka pajani. Ukilizungushia mstari wa kalamu utaona lenyewe. Upele unaokaa pale pale siku tatu una maelezo mengine, na wakati mwingine, kama tutakavyoona kwenye dawa, maelezo hayo ni mabaya zaidi.

Uvimbe wa ndani zaidi hutokea pale ngozi inapolegea: kope, midomo, ulimi, sehemu za siri. Wa kope unatisha mtu akijitazama kwenye kioo, lakini wa ulimi ndio wa kuuogopa.

Pua na macho sina haja ya kukaa hapo sana. Chafya za mfululizo, makamasi mepesi kama maji, macho kuwasha: zinachosha, haziui, na anayezipata kila msimu anazijua kuliko mimi.

Pumzi ndiyo inayotaka umakini. Sikiliza sauti. Sauti inayokwaruza au kupotea ghafla, kikohozi kikavu kisichokoma, mluzi kifuani, kuhisi koo limebanwa, mate kumshinda mtu kumeza: kila moja kati ya hizi, baada ya chakula, dawa au kuumwa na mdudu, ni onyo. Mtoto mdogo hawezi kukueleza kwamba koo limekaza. Ataushika ulimi au shingo, atadondosha udenda kuliko kawaida, kilio chake kitabadilika. Na mtoto aliyekuwa akilia sana kisha akanyamaza na kulegea hajapata nafuu.

Kwa upande wa damu, mtu huhisi kizunguzungu, hutokwa na jasho la baridi, mapigo yake hukimbia lakini ni dhaifu, midomo na viganja hupauka. Baadhi husema tu, "Sijisikii vizuri, kuna kitu kibaya," bila kuweza kueleza zaidi. Hiyo nayo ni dalili, imo kwenye vitabu vya udaktari; usimwambie anajitia hofu.

Tumbo ni gumu kulisoma kwa sababu kila kitu hulichafua. Hata hivyo, mtu aliyeumwa na nyuki au kudungwa sindano akaanza kutapika na kuhara hawezi kusingizia chakula. Kwake kutapika huko ni dalili ya mzio ulioenea mwilini.

Kanuni ya kushika kichwani ni hii: ngozi ikihusika, kisha pumzi au presha ikayumba, au tumbo likachafuka vikali, yote ndani ya dakika au saa chache, hesabu kuwa ni anafilaksia, yaani mzio wa mwili mzima unaoweza kuua. Usisubiri dalili zikamilike. Na usisubiri vipele, maana katika mgonjwa mmoja au wawili kati ya 10 havitokei kabisa. Mtu anayejulikana kuwa na mzio wa karanga, akala kitu kisichoeleweka kwenye sherehe na pumzi ikaanza kumbana, hahitaji baka hata moja ili aaminiwe.

Muda wenyewe ni mfupi. Uchunguzi wa vifo vya mzio nchini Uingereza, uliochapishwa mwaka 2000, ulikuta kwamba muda wa kati tangu kukutana na kisababishi hadi moyo au pumzi kusimama ulikuwa dakika 30 kwa chakula, 15 kwa sumu ya wadudu, na 5 kwa dawa za hospitalini, nyingi zikiwa za kudungwa.

Paja, kulala chali, na tatizo la boda boda

Dawa ya anafilaksia ni moja, adrenalini, na hudungwa kwenye msuli wa paja upande wa nje, katikati ya nyonga na goti. Hubana mishipa iliyotanuka, hufungua mapafu na kuzuia seli zisiendelee kumwaga. Mtu mzima hupewa nusu miligramu, yaani nusu mililita ya ile chupa ndogo ya kawaida. Mtoto hupimiwa kwa uzito. Ikiwa hakuna nafuu baada ya dakika 5 hurudiwa. Sindano za kujidunga mwenyewe, zile ambazo watu wa Ulaya hutembea nazo mfukoni, ni adimu na ghali hapa. Lakini chupa ya adrenalini ni ya bei nafuu na imo kwenye orodha ya taifa ya dawa muhimu. Kwa sababu hiyo, kituo cha afya kilicho karibu chenye adrenalini kina thamani kubwa kuliko hospitali kubwa iliyo saa moja mbali. Mtu akizidiwa Maseno au Ahero, usiapie kwamba lazima afike Russia, kama watu wa Kisumu wanavyoiita hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga. Piga simu uulize wa karibu: adrenalini mnayo? Kisha rufaa ifuate. Nambari za dharura ni 999 au 112.

Piriton, setirizini na hata haidrokotisoni ya mshipani zina nafasi yake baadaye. Tembe inayomezwa huanza kufanya kazi baada ya nusu saa au zaidi, na hata ikianza inazuia histamini pekee kati ya kemikali nyingi zilizomwagika. Kumpa mgonjwa anayekosa pumzi Piriton kisha kukaa kumtazama ni kupoteza muda ambao hana. Mwenye pumu anaweza kutumia inhela yake, lakini iwe nyongeza tu. Nayo haipandishi presha.

Jinsi unavyomlaza ni sehemu ya tiba. Alale chali, miguu imeinuliwa juu ya begi au kiti, ili damu iliyobaki irudi kwenye moyo. Kama anahangaika kupumua, aketi lakini miguu ikiwa imenyooshwa mbele. Mjamzito alale kwa ubavu wa kushoto. Anayetapika au aliyezimia alazwe kwa ubavu. Asisimame, wala asitembee "kupunga hewa". Kuna watu waliokufa sekunde chache baada ya kuinuliwa, kwa sababu moyo uliachwa bila damu ya kusukuma.

Sasa fikiria usafiri wetu. Mgonjwa wa Rusinga, wa Mbale au wa Molo hubebwa kwa boda boda: dereva mbele, mgonjwa katikati ameketi wima miguu inaning'inia, ndugu nyuma akimshikilia asianguke. Kwa malaria au mguu uliovunjika tutavumilia. Kwa anafilaksia mkao huo ni hatari kuliko karibu mwingine wowote. Tafuta Probox, laza viti vya nyuma, mlaze chali. Hata tuktuk, mtu akijikunja kwenye kiti cha nyuma kichwa kikiwa chini, ni afadhali. Ikiwa hakuna kabisa ila pikipiki, basi pikipiki, maana kubaki nyumbani ni kubaya zaidi. Ila iwe chaguo la mwisho badala ya la kwanza.

Akipata nafuu asikimbilie kurudi nyumbani. Kwa baadhi ya watu dalili hurudi saa kadhaa baadaye bila kula kitu kingine, ndiyo maana wahudumu humzuia mtu kitandani saa kadhaa wamwangalie.

Kilichomo kwenye sahani, na kilichomo hewani

Kwa kando ya ziwa, samaki ndiye mshukiwa wa kwanza. Protini inayosababisha, pavalbumini, haiharibiki kwa moto, kwa hiyo kukaanga mpaka akauke hakusaidii, na wapo wanaobanwa kifua kwa kusimama karibu na karai tu. Kwa kuwa protini hiyo inafanana kutoka samaki mmoja hadi mwingine, anayedhurika na ngege (tilapia) ajihadhari na mbuta (sangara) na omena (dagaa) mpaka athibitishiwe vingine. Omena wana hila nyingine: nyavu huvuta pamoja nao uduvi wadogo wa ziwa, na debe likichotwa sokoni hakuna anayewachambua. Mtu asiye na shida na samaki anaweza kuwa anadhurika na uduvi.

Uduvi nao wana protini, tropomiosini, ambayo ina ndugu zake kwa mende, kwa utitiri wa vumbi la nyumbani na kwa wadudu wanaoliwa. Kwa hiyo anayevimba midomo akila kamba wa Mombasa awe mwangalifu kumbikumbi wanapotoka baada ya mvua, na vivyo hivyo kwa vyakula vya nyenje vinavyoanza kuingia madukani.

Kinachonisumbua zaidi ni unga wa uji wa mchanganyiko. Mama anataka lishe bora kwa mtoto, kwa hiyo mtama, wimbi, soya, karanga na omena vinasagwa pamoja, na mtoto wa miezi sita anaanza navyo vyote siku moja. Akitoka mabaka, nani atajua ni kipi kati ya hivyo vitano? Hata ukiagiza unga bila karanga, mashine ile ile imetoka kusaga za jirani. Simwambii mtu aache uji huo. Mwanzishie mtoto kimoja kimoja kwa siku chache kabla ya kuchanganya. Wala usichelewe na karanga kwa kuogopa. Utafiti uliofanywa London na kutangazwa mwaka 2015, kwa watoto 640 waliokuwa katika hatari kubwa ya mzio, ulionyesha kwamba walioanza kula karanga kabla ya mwaka mmoja walipata mzio wake kwa uchache wa takriban asilimia 80 kuliko waliozuiwa. Ziwe zimesagwa laini, kwa kuwa karanga nzima humkaba mtoto. Mtoto mwenye ukurutu mkali, au aliyewahi kudhurika na mayai, aonwe kwanza na daktari.

Hewani kuna wadudu wa ziwa, wale wanaopanda kama moshi mweusi juu ya maji kwa vipindi vinavyofuatana na mwezi, kisha upepo ukawaleta mpaka Dunga na kwenye taa za maduka. Wakikauka na kusagika huwa vumbi. Huko Sudan, kando ya Mto Nile, jamaa zao wamejulikana miaka mingi kwa kuleta pumu na mafua ya mzio, na protini husika imetambuliwa: ni himoglobini ya viluwiluwi vyao. Mwenye pumu afunge madirisha na kuzima taa za nje siku hizo, na wanapokufa asifagie bali apanguse kwa kitambaa chenye maji.

Nakuru ina pareto. Wachumaji wa Molo na wafanyakazi wa viwandani wamejua tangu zamani kwamba ua hilo huweza kuwachubua mikono, shingo na kope. Huo ni mzio wa mguso, hauhusiani na IgE, na huchukua siku moja au mbili kujitokeza, ndiyo sababu mtu humlaumu sabuni aliyoogea jana badala ya maua aliyochuma juzi. Na waridi za Naivasha? Watu huzisingizia bure. Chavua yake ni nzito, hubebwa na wadudu. Inayotusumbua puani ni ile nyepesi ya nyasi na miti inayopeperushwa na upepo.

Nyuki wetu ni wakali, kwa hiyo tenganisha mambo mawili. Mwenye mzio anaweza kuzidiwa na nyuki mmoja. Asiye na mzio akishambuliwa na mzinga mzima na kudungwa mara mamia anadhurika na wingi wa sumu, naye apelekwe hospitalini hata kama anajihisi sawa. Kwa wote wawili, mwiba ung'olewe upesi kwa kucha au kwa chochote. Muda una maana kuliko ufundi.

Dawa zinazogeuka polepole

Penisilini na jamaa zake, kama amoksilini, zinaweza kuleta anafilaksia ndani ya dakika. Lakini wengi walioambiwa utotoni kuwa wana mzio wa penisilini hawana. Katika nchi wanakopima, zaidi ya 9 kati ya 10 hugundulika hawana tatizo. Walitoka upele wa virusi wakiwa kwenye dozi, au mzio wenyewe ulififia kwa miaka. Lebo hiyo huwagharimu, kwa kuwa hupewa dawa pana zaidi na ghali zaidi.

Upande wa pili ni dawa zinazochelewa. Septrin, dawa ya kukinga maambukizi, humezwa kila siku na watu wengi wanaoishi na virusi vya Ukimwi, na Nyanza na Magharibi ni maeneo yenye wengi wao. SP, ya kukinga malaria kwa wajawazito, hutolewa kliniki katika kaunti hizo hizo. Zote mbili zina salfa. Mzio wa salfa mara nyingi huanza baada ya wiki moja au mbili, hata nne, kwa upele wa kawaida unaowasha. Wengi hupona wakibadilishiwa. Lakini tazama haya: upele unaouma badala ya kuwasha, madoa meusi yanayotunga malengelenge, ngozi inayochubuka ukiigusa, vidonda mdomoni au sehemu za siri, macho mekundu yanayochoma, homa. Hiyo huitwa sindromu ya Stevens-Johnson, na ngozi inaweza kutoka kama ya aliyeungua. Dawa isimezwe tena na mtu aende hospitalini siku hiyo hiyo, akiwa na pakiti mkononi. Kwa anayedhurika na Septrin ipo dapsoni, kwa hiyo asiiache kimyakimya akakaa bila kinga. Na mjamzito anayejua salfa inamdhuru aseme kabla hajapewa kikombe cha maji cha kumezea SP.

Kuna pia uvimbe wa midomo na ulimi usiowasha hata kidogo, unaowapata wanaomeza enalaprili au kaptoprili kwa ajili ya presha. Huonekana zaidi kwa watu wenye asili ya Kiafrika, na unaweza kuanza miezi au hata miaka baada ya kuzoea dawa. Huo hautokani na histamini, kwa hiyo Piriton haiufanyi kitu. Mzee wako akiamka na ulimi mzito, swali la kwanza ni dawa gani ya presha anatumia.

Visivyo mzio

Nairobi flai, yule mdudu mwembamba mwenye rangi nyekundu na nyeusi, hakung'ati. Ukimponda, sumu yake iitwayo pederini huunguza ngozi, na mstari wa malengelenge hutokea siku moja baadaye. Ni kuungua kwa kemikali. Mpulize atoke, kisha osha kwa sabuni.

Tumbo kujaa gesi na kuhara baada ya chai ya maziwa ni upungufu wa kimeng'enya cha kuvunja sukari ya maziwa, hali ya kawaida kwa watu wazima wengi wa Afrika; maziwa yaliyochachushwa, kama maziwa lala na mursik, huwatulia zaidi. Ulimi kuchonyota kwa nanasi ni asidi na kimeng'enya cha tunda lenyewe. Samaki wa baharini kama jodari aliyekaa bila barafu hujaa histamini inayotengenezwa na bakteria, na wote walioshiriki sahani huwashwa na kuumwa kichwa pamoja. Wakiwashwa wote, mshuku samaki. Akiwashwa mmoja, shuku mzio.

Kuhusu vipimo: damu ya mtu aliyewahi kuwa na kichocho au minyoo mara nyingi ina IgE nyingi bila mzio wowote, kwa hiyo karatasi inayosema tu kwamba IgE imepanda haikuambii uache kula nini. Vile vifurushi vinavyopima IgG, kingamwili za aina nyingine, dhidi ya vyakula mamia na kukurudishia orodha ndefu ya marufuku, vyama vya wataalamu wa mzio vimeshavikataa; IgG huonyesha kwamba ulishawahi kula chakula hicho, basi. Kipimo cha maana ni kile kinachofuata historia yako. Kwa hiyo nenda nayo imeandikwa: ulichokula au kumeza, saa ngapi, dalili ya kwanza ilikuwa ipi na ilianza baada ya dakika ngapi, ulikuwa umefanya mazoezi, umekunywa pombe au umemeza brufeni (vitatu hivyo huweza kuuchochea mzio uliolala), pamoja na picha za mabaka kabla hayajahama na picha ya pakiti ya dawa au lebo ya unga.